Bastola ya Hajati Iliyokataa Kufika

Mwaka mzima nilitafuta bastola ya kununua, na kabla hujaanza kunitazama vibaya, ngoja nieleze. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi huko Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua. Bastola niliyoitaka ni ile ya kuanzishia mbio. Haiui mtu; ina baruti kidogo ya kutoa mlio tu. Ikilia, watoto wanachomoka. Ndivyo kitabu cha michezo kinavyosema.

Mtoto mmoja hakuwa amekisoma kitabu hicho. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, aliyekimbia mita mia nane kama mtu anayerudi nyumbani kula. Nilimpeleka kwenye mashindano ya shule mjini Arua nikiwa nimeshaanza kujisifu kwa walimu wenzangu. Bastola ikalia. Wenzake saba wakaondoka. Yeye akalala kifudifudi pale pale mstarini, mikono juu ya kisogo. Uwanja mzima ukacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu magoti yangu mwenyewe yalikuwa yameshakunjika nusu.

Sote wawili tulikuwa watu wa Koboko. Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia Koboko mjini. Yeye alitoka Kuluba, karibu na mpaka, ambako bibi yake alikuwa akipalilia karanga huku bunduki zikisikika upande wa pili. Walipohamia Pajulu walihama na jembe, kuku wawili na tahadhari zao zote. Jioni ile nilimrudisha mtoto kwa bibi yake nikiwa na hasira za kutafuta mtu wa kulaumu. Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwalimu, ni mimi nafundisha yeye," akasema. "Ukisikia mlio, lala kwanza, uliza baadaye. Ndio maana leo iko hai."

Mama yangu alinifundisha hivyo hivyo, karibu kwa maneno hayo hayo.

Lakini mwaka uliofuata angekuwa darasa la saba, na hapo ndipo roho yangu ilipokosa kutulia. Kuna shule ya sekondari kule Ediofe iliyokuwa ikiwachukua bila karo watakaoshika nafasi tatu za kwanza katika mbio hizo. Bibi anauza karanga za kukaanga. Bila nafasi ile, darasa la saba lingekuwa mwisho wa masomo ya mtoto yule, na yeye alijua, na bibi alijua. Ilikuwa imebaki mbio moja tu. Nikapiga hesabu rahisi: nikipata bastola, nikailiza kila jioni, mtoto atauzoea mlio, na mambo yatakwisha. Ile ya mashindano ilikuwa ikifungiwa ofisini, haiazimwi. Nikaamua kununua.

Duka la vifaa vya michezo lilikuwa karibu na soko kuu la Arua, na mwenye duka alikuwa Hajati mmoja mwenye sauti ya upole na subira isiyo na mwisho, hasa subira ya kunisubirisha mimi. Alikuwa na mipira, jezi, filimbi, vikombe vya ushindi vinavyong'aa kuliko ushindi wenyewe. Bastola hakuwa nayo.

"Iko imekwisha jana, mwalimu wangu. Rudi wiki ijayo."

Wiki ijayo nilirudi. Ilikuwa imekwisha jana. Mwezi uliofuata nilirudi, ilikuwa imekwisha jana. Nikaanza kuichukia hiyo jana. Nilimuuliza siku moja kama amewahi kuiona hiyo bastola kwa macho yake. Akacheka, akanipa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi. Tangu siku hiyo, kila alipokosa bastola alinipa chai, nami nikawa nimekunywa chai nyingi kwa Hajati kuliko kwangu.

Na hata ingekuwepo, isingetoka bila barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri wa polisi, na muhuri huo ulidumu mwezi mmoja. Mara moja tu bastola ilifika. Hajati alinipigia simu mwenyewe kwa furaha. Nilipanda boda, nikafika natweta, nikatoa barua. Ilikuwa imekwisha muda wake siku mbili kabla. Nilipopata muhuri mpya, shule nyingine ilikuwa imeshaichukua. Siku ile nilikataa chai. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa upande wa matumbo.

Likizo nikaenda kujaribu bahati Koboko. Baba yangu mdogo, aliyekula mshahara wa jeshi enzi zake, alinisikiliza huku akitikisa kichwa. Kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa kanzu.

"Hapa Koboko, baada ya vita, sisi ilitupa bunduki kwa choo ili watu hapana kamata sisi nayo," akasema. "Leo mtoto yangu natembea na barua ya polisi kuomba moja. Na nakosa!"

Nikarudi Pajulu mikono mitupu.

Sasa ikawa kujitafutia. Nilijaribu kugonganisha vibao viwili. Mlio ulikuwa wa kutwanga kisamvu. Nilijaribu kugonga ile ringi ya gari tunayoitumia kama kengele ya shule. Watoto wakaacha mstari wa mbio wakaenda kupanga mstari wa darasani. Siku zilikuwa zinakwenda. Ndipo nikakumbuka sauti niliyokuwa naisikia kila jioni kutoka ng'ambo ya kijito: mwanamume akipiga ukelele mrefu, mwembamba, unaopanda na kuvunjika mara tatu halafu unashuka. Ulikuwa unasafiri mpaka shuleni na kupita. Nilifikiri ni wimbo wa mlevi. Nikaona: huu ndio mlio wa kumwamsha mtu.

Nikajifunza ule ukelele njiani, na siku moja, saa tisa mchana, nikawapanga watoto, nikajaza kifua, nikaupiga. Kwa kweli niliupiga vizuri.

Watoto wenyeji hawakukimbia. Walinitazama kwa hofu. Kisha nikasikia miguu. Wanawake walitoka mashambani na majembe, wanaume wanne wakaja na fimbo na panga, mmoja na mchi, wote wanahema, wote wanauliza, "Wapi? Iko wapi?" Mwisho kabisa, akiegemea bakora na hasira yake, akatokea mzee mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Mimi iko hapa," akasema. "Sasa ni nani hapa nakufa kwa jina yangu?"

Pale ndipo nilipofundishwa, mbele ya darasa langu, jambo ambalo kila mtoto wa Walugbara, wenyeji wa Arua, alilijua. Ukelele ule unaitwa cere. Kila mwanamume ana wa kwake, ameutunga mwenyewe, na anautumia kuwaambia watu wa kwake kwamba anarudi. Akiupiga saa isiyo yake, maana yake amepatwa na jambo, na kila anayeusikia anaacha alichoshika na kwenda. Haukopwi. Mtu akipiga wa mwenzake ni kama ameingia nyumbani kwake na kuvaa nguo zake. Watu wawili wa Koboko, mimi na yule msichana, ndio pekee tuliokuwa hatujui, na yeye angalau hakufungua mdomo.

Niliomba msamaha kwa lugha zote nilizonazo. Mzee akanitoza jogoo. Nikampeleka jogoo nyumbani kwake, akachinjwa, nikaketishwa nimle pamoja naye, maana ndivyo ugomvi unavyozikwa kule. Tulipofika kwenye mapaja aliniuliza nilikuwa nataka nini hasa. Nikamweleza yote: mtoto, bibi, Ediofe, Hajati na jana yake. Mzee aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo wewe nataka kupigia sisi risasi hapa kila jioni? Mwaka mzima?"

Nikasema ni mlio tu, si risasi.

"Sikio hapana jua," akasema. Akatazama uwanjani kwake, wajukuu walipokuwa wakifukuza mbuzi. Mimi nilitazama sahani. Kwa miezi tisa nilikuwa nimefikiri juu ya mtoto mmoja kuuzoea mlio, na sikuwa nimefikiri hata dakika moja juu ya nyumba zote zile zilizouzunguka uwanja wa shule, na nani ndani yake angelala chini kila jioni kwa ajili yangu. Nilimshukuru Mungu pale pale, kimoyomoyo, kwa barua iliyokwisha muda.

Kesho yake mzee akaja shuleni mwenyewe, kumwitia mtoto yule kwa ukelele wake. Nilimwonyesha mstari wa kuanzia, akakataa kusimama hapo.

"Mtu ikiita, wewe hapana toka kwake. Wewe nakimbia kuja kwake. Mimi tasimama mbele."

Akasimama kwenye kona ya kwanza, akapiga ukelele wake, ule wa kweli, na wangu ukaonekana kuwa upuuzi. Msichana akaondoka kama ameitwa na mtu wa kwao. Majirani walikuwa wameshaambiwa: saa kumi na moja, ukelele wa mzee ni wa mwalimu. Tulifanya hivyo kila siku ya shule, muhula mzima. Yule mtoto alikuwa akifika konani, mzee anampungia bakora apite, naye anapita akicheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Siku ya mashindano bibi alivaa gomesi, gauni lake la kanisani. Mzee tulimweka kwenye kona ya kwanza, nyuma ya kamba, pamoja na watazamaji. Mpango ulikuwa mfupi: bastola ikilia, yeye anaita.

Bastola ikalia.

Msichana akaanguka. Nilimwona akishuka, magoti, viganja, kifua. Nikageukia kona kumngojea mzee. Hakuita. Hakuonekana hata kidogo. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa na pengo. Watu waliokuwa karibu naye walikuwa wanatazama chini. Ndipo nikaelewa. Mzee wangu alikuwa amelala kwenye nyasi, mikono kisogoni, kofia imemtoka. Kumbe naye aliwahi kuvaa gwanda la jeshi, na aliona kuzimu yake, na kwa muhula mzima hakunigusia.

Kisha ukelele ukatoka pale chini. Haukuwa ule wa mazoezi. Ulikuwa umekwaruzika, ulivunjika mara tatu kama kawaida, lakini ulikuwa wa mtu aliyepatwa kweli. Na yule mtoto, ambaye bibi yake alimfundisha kulala, akainuka. Sidhani alikuwa akikumbuka mbio. Alikimbia kwa mzee. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya kona, akasimama, akainama kumtazama.

"Mimi iko sawa!" mzee akapiga kelele kutoka kwenye nyasi. "Mimi iko sawa! Pita! Pita, mama, kimbia!"

Akapita. Wenzake walikuwa mbali, lakini mita mia nane ni mizunguko miwili, na mtoto yule alikuwa na hasira ambayo sikumfundisha mimi. Mzunguko wa pili alianza kuwapita mmoja mmoja. Bibi alikuwa ananivuta shati mpaka kifungo kikatoka. Msichana alimaliza wa tatu, kifua kimoja tu mbele ya wa nne. Nililia hadharani, mtu mzima mwenye filimbi shingoni, na sioni haya kuliandika.

Tulirudi Pajulu na mzee kwa boda. Aliposhuka kwenye boda alirekebisha kofia, akasema, "Mwalimu, ile ya kulala, wewe hapana ambia watu." Msichana akamjibu kabla yangu kwamba hata yeye alilala, basi wako sawa. Mzee akacheka, nasi tukapata ruhusa ya kucheka.

Ediofe walimchukua. Wiki ile nilikwenda dukani kwa Hajati kumshukuru. Kabla sijafungua mdomo aliinama chini ya meza, akaibuka na boksi, uso umejaa nuru. "Mwalimu wangu! Iko imefika!" Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Nikamrudishia, nikamwambia ahsante sana kwa kuikosa mwaka mzima. Alidhani namsimanga. Ilibidi ninywe vikombe viwili vya chai ndipo akaamini, na nikanunua filimbi mpya kwa ajili ya amani.

Juzi, likizo hii, nilikuwa nakusanya vigingi vya mbio kiwanjani, jua la mchana likiwaka, nikasikia ukelele wa mzee kutoka upande wa kijito. Haikuwa saa yake. Majirani wakaanza kutoka na majembe yao, nami nikatupa vigingi nikakimbia. Kabla sijafika kwenye njia, msichana alinipita, miguu mitupu, sketi ya Ediofe ameipandisha kwa mkono, hageuki. Mzee alikuwa ameteleza kwenye mawe ya kivuko na goti lilikuwa limevimba, basi. Tulipofika sote, tunahema, alikuwa ameshaketishwa, ameshanyweshwa maji, na bakora yake imeshaokotwa mtoni. Safari hii msichana alikuwa wa kwanza.