Njoo na Jembe Kama Watu

Msimu huu wa palizi nilirudi Lagangabilili kumzika mwalimu. Mimi, kama ujuavyo, ni mtu wa kuzunguka. Leo nakausha dagaa Nassa, kesho napakia marobota ya pamba Bariadi, na kijijini kwetu nilikuwa sijakanyaga miaka mingi. Makaburini niliwakuta vijana wamefunga spika mbili za kukodi. Nyimbo zilitoka kwenye flashi. Katekista akitaka kusema, wanapunguza sauti. Akimaliza, wanaongeza nasi tunafukia. Hakuna aliyefungua kinywa kuimba. Nilisimama na udongo mkononi nikiwaza kwamba mtu huyu alibishana na bibi yangu juu ya kifo nusu ya maisha yake, kwa mashairi, jembe likiwa mkononi.

Kwetu zamani, matanga yakiisha, majirani waliamkia shamba la wafiwa. Mwenye msiba hakuachwa peke yake na magugu. Tulijigawa pande mbili, kila upande ukianza kupalilia pembeni mwa shamba, tukutane katikati. Kila upande ulikuwa na mwimbaji wake, na siku hiyo waliimbiana kuhusu kifo tu. Aliyeishiwa jibu, upande wake ndio uliokwenda kisimani kuchota maji ya wote, na huko njiani walizomewa mpaka waone haya.

Upande mmoja aliuongoza bibi yangu, mwingine mwalimu, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio wa minyaa. Asubuhi walisalimiana kwa adabu zote, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, na "Mwangaluka, mwalimu, mmelalaje?" kama watu wasio na vita. Kisha majembe yakaanza kulia kwenye udongo ule mweusi wa mbuga unaong'ang'ania miguu, na mwalimu akatoa sauti yake nyembamba:

*Mauti si mwizi, mayu, ni mchunga wa Mwenyezi,*
*Giza linapoingia, hurejesha kwenye zizi.*

Upande wake waliitikia polepole, na hata mimi mtoto niliona ng'ombe wakirudi jioni, vumbi limetulia, mtu akifunga zizi bila haraka. Kwa mwalimu kufa kulikuwa kurudi nyumbani. Nilitamani kumwamini.

Bibi hakumpa nafasi ya kufurahi. Aliimba Kisukuma, nami nakupa kwa Kiswahili changu hiki:

*Mchunga gani huyo, siku ya kuzaa ng'ombe hakuonekana?*
*We fisi, we mguu mfupi, unakula kila shamba na hulimi!*
*Njoo mchana tukuone. Njoo na jembe kama watu!*

Hapo shamba zima lilicheka, na wafiwa pia, machozi yakiwa bado mashavuni. Bibi alikuwa amezika watoto wanne. Hakuwahi kumkaribisha kifo hata kwa maji ya kunywa.

Nilimuuliza siku moja, tukikata viazi vya kuanika michembe, nani kati yao alikuwa sahihi. Akanitazama kama nimeuliza ugali na mboga kipi ni chakula. "Mwalimu anasema vizuri," akasema. "Lakini mimi yule namfahamu."

Kisha akafa mke wa mwalimu. Alikuwa mama mwenye mikono mirefu, aliyetuletea uji wa mtama shambani na kumcheka mumewe akichelewa kupata vina. Tulikwenda kulima kwao kama desturi. Mwalimu alikataa kukaa kwenye jamvi. Alichukua jembe akasimama mahali pake. Akaanza. "Mauti si mwizi, mayu..." Akanyamaza. Akaanza tena, akakwama palepale. Majembe yakasimama mstari mzima. Kwa sheria alikuwa ameshindwa, na kijana mmoja upande wetu alikwisha kufungua mdomo azomee. Bibi alimkata jicho.

Halafu bibi, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga siku zote, akaushika ubeti wa mwalimu akaumalizia. Aliutamka kwa kujikwaa, lakini aliufikisha kwenye zizi. Alikuwa anampa mkono avuke.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Hapana, mayu," akasema. "Leo mtukane. Mtukane kwa niaba yangu."

Sijasikia tena matusi kama yale. Bibi alimwita kifo majina yote aliyokuwa nayo, akaazima na mengine, na mwalimu ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, akilia, akipiga jembe, "Kama watu! Kama watu!" Siku hiyo hakuna aliyekwenda kuchota maji kwa kushindwa. Tulikwenda wote.

Nimelala kwenye nyumba nyingi tangu niache shule, na nimefiwa njiani. Ziko siku nimeimba ya mwalimu, na ziko siku nimeimba ya bibi. Sijawahi kuwa na wa kunijibu.

Matanga yalipoisha niliuliza tunalima saa ngapi. Mjukuu wa mwalimu alinishangaa. "Shamba limeshapuliziwa dawa ya magugu, baba. Pumzika tu." Hakuwa na ubaya, alininunulia na soda.

Nilichukua jembe hivyo hivyo. Magugu yalikuwa yamenyauka, hapakuwa na cha kupalilia, lakini nilianza pembeni, mahali alipokuwa akisimama yeye. Nikaimba ubeti wake mpaka kwenye zizi, kisha nikatulia, maana zamu ilikuwa ya upande wa pili. Nilingoja kama tulivyofundishwa kungoja. Ng'ambo ya minyaa, ilipokuwa nyumba ya marehemu bibi, jogoo aliwika, na pikipiki ikapita kuelekea mjini.

Basi nikavuka shamba lote na jembe begani, nikasimama upande wa bibi, nikamjibu mwalimu mimi mwenyewe.