Ndege ya Ghorofa

Baba yangu aliitwa mwongo miaka mingi kwa sababu ya ndege, na mimi binti yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wangu, jambo hilo lilikuwa linanichoma.

Kila siku baada ya alasiri alikaa barazani kwetu Ilala na wazee wenzake, wanakunywa kahawa. Haupiti muda utamsikia: zamani, enzi za Mwingereza, alipanda ndege yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na mabawa yenyewe yalikuwa ya kitambaa. Wenzake walicheka mpaka kahawa inamwagika. Aliyecheka kuliko wote ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, mtu wa vitabu, mbishi asiye na dawa. "Leo ndege ina ghorofa ngapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Ndege za namna hiyo, alisema, zilikuwa za vita, za kubeba rubani peke yake. Abiria gani apande kitambaa? Kingechanika hata Pugu hajafika. Baba alikuwa na elimu ya madrasa tu, kwa hiyo mwalimu akishasema, kesi imekwisha. Baba anaangalia kikombe chake. Mimi niko ndani nasikia kila kitu, nachemka.

Basi ikaja ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa milango. Sisi tuliokuwa tunapanga foleni ya sabuni ya kipande tukaanza kuona vitu tusivyovijua hata majina. Kariakoo ilifurika. Mimi nilikuwa nimeweka cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, duka la mzee mmoja wa Kihindi, na mara moja kwa wiki nilikuwa nadamka kwenda Mchikichini kutafuta mapazia ya mitumba. Kwenye pazia moja zuri nilikuwa natoa magauni mawili ya watoto.

Kufungua robota la mitumba kuna adabu yake. Muuzaji akikata zile waya zinazolifunga hakuna anayegusa. Mnazunguka, mnasubiri, na akishasema "bismillahi" kila mtu anatumbukiza mkono, na ulichokishika kwanza ni chako, hakuna ugomvi. Siku hiyo mkono wangu ulipita kwenye masweta ya watoto ukagonga kitu kigumu. Nikavuta. Lilikuwa boksi, na juu ya boksi palichorwa ndege. Mabawa mawili kulia, mawili kushoto, moja juu ya jingine! Na madirisha, na vichwa vya watu vinachungulia madirishani!  Nililikumbatia lile boksi kama kuna mtu anataka kuninyang'anya.

"Dada, hilo dude limevunjikavunjika," muuzaji aliniambia alipolisikia linachakacha. "Nikunjie hizi suruali tatu, uende nalo."

Halikuwa limevunjika. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vimeshikana na vijiti vyake, na karatasi ya michoro inayoonyesha kipi kinaingia wapi. Unaijenga mwenyewe, kidogo kidogo, inakuwa ndege nzima, ila ndogo ya kukaa kwenye sinia. Na kilichonimaliza kabisa ni mabawa. Yalikuwa na mistari iliyoinuka, imepangana sawasawa kutoka mwanzo hadi ncha. Mwingine angeona mistari tu. Mimi ni fundi, nilijua ninachokiona: kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu za mbao kikashonewa hapo. Baba yangu si mwongo jamani. Nilirudi nyumbani siku hiyo natembea kama nakimbia.

Sikumwonyesha mtu. Nilisimama mbele ya wazee nikasema Ijumaa naleta ushahidi wa ndege ya baba, na wakishauona wamwombe radhi.

"Na usipouleta?" mwalimu aliniuliza.

"Nisipouleta, baba hataitaja ndege hapa tena mpaka anaingia kaburini."

Ulimi huu! Baba aliweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "nani kakutuma?" Nilidhani anaogopa nitashindwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilikuwa na siku nne. Wateja walisubiri, magauni yalisubiri. Gundi sikuigusa mapema, kwa sababu fundi hashoni kabla ya kushikiza. Nilichukua uzi nikafunga mwili, mabawa, mkia na injini zake mbili, nikahakikisha kila kitu kimekaa, ndipo nikawa nafungua uzi na kubandika kipande kimoja kimoja. Mwenye duka alikuja na miwani yake akasimama juu yangu.

"Fundi, unashona ndege?"

"Nashikiza kwanza, mzee."

Gundi yenyewe ilinishikisha vidole viwili asubuhi nzima, nikawa nawapima wateja kwa mkono mmoja huku nacheka peke yangu. Lakini nyaya! Mchoro ulionyesha nyaya nyembamba zinazoshika bawa la juu na la chini, na kwenye boksi nyaya hazikuwemo. Hapo sasa ndipo penyewe. Nilipasha sindano moto, nikatoboa vitundu, nikapitisha uzi mweusi nilioupaka nta ya mshumaa, nikauvuta ukakaza. Ukiugusa unalia. Sidhani kama kuna gauni la harusi lililowahi kunipa raha ile.

Alhamisi yakabaki mambo mawili tu: kupachika bawa la juu la kulia pamoja na nyuzi zake, bawa ambalo nilikuwa nimeliweka kando, na kubandika zile picha za herufi na mistari zilizokuja kwenye karatasi yake. Siku zile Kariakoo nzima ilikuwa na wazimu wa flana za picha. Mteja anakuja na flana, unaweka karatasi ya picha juu, unapiga pasi, picha inahamia. Kwa siku nilikuwa napiga hata ishirini. Picha ya karatasi inapigwa pasi, nani asiyejua hilo? Nililaza karatasi juu ya bawa, nikatandaza kitambaa kibichi, nikachukua pasi yangu ya mkaa, nikahesabu mpaka tano.

Nilipoinua, bawa lilikuwa limejikunja kama ngozi ya samaki kikaangoni.

Nilijitukana matusi yote ninayoyajua, na mengine ya kutunga. Kisha nikalia. Nilimwona baba akilini mwangu, amekaa barazani mdomo umefungwa, na aliyeufunga ni mimi mwanawe. Mwenye duka akaichukua ile karatasi ya maelezo akaisoma, maana Kiingereza alikijua vizuri.

"Hizi picha zinalowekwa kwenye maji tu, fundi. Imeandikwa hapa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Nilitamani kumrushia pasi. Lakini ni yeye aliyetoa birika la maji ya moto. Nililiingiza bawa mle mpaka likalainika, nikalilaza kati ya vibao viwili kama ninavyonyoosha kola, na yeye mwenyewe akabeba majora sita ya kitambaa akayapanga juu yake. Ijumaa asubuhi tuliyatoa moja moja. Bawa lilikuwa limenyooka. Ncha tu ilikuwa imeinuka kidogo, na hiyo nikaiacha, nikalipachika na kukaza nyuzi zake, na picha zilizobaki nikazibandika kwa maji.

Ndege niliipeleka Ilala kwa miguu, iko kwenye sinia pamoja na boksi na karatasi yake, nimeifunika kanga. Njia nzima watu wananiuliza harusi ya nani.

Wazee walikuwa wametoka msikitini, wamekaa wote. Nililiweka sinia katikati ya mkeka nikafunua. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivaa miwani, akachukua boksi na karatasi, akasoma pole pole, halafu akatufasiria kwa sauti: ndege ya abiria, injini mbili, mabawa ya mbao yaliyofunikwa kitambaa. Akaiweka karatasi chini. Lazima niseme ukweli wake, alikuwa muungwana. Alisimama, akampa baba mkono.

"Nimekubishia bure miaka yote hii. Nisamehe, ndugu yangu."

Nilipiga vigelegele barazani kwa wazee bila aibu. 

"Haya mzee," mwenzao mmoja akasema, "tuonyeshe basi, ulikaa dirisha lipi?"

Baba aliinyanyua ndege. Madirisha hakuyaangalia. Aliigeuza chali, akapitisha dole gumba chini ya bawa, kutoka ncha kwenda mwilini, taratibu.

"Sikukaa," alisema. "Sijawahi kupanda ndege mimi. Hii nilikuwa naiosha. Ndoo na kitambaa laini, maana ukisugua kwa nguvu unaitoboa. Abiria angejuaje kuwa bawa ni kitambaa? Abiria haligusi."

Uso uliniwaka moto. Siku nne! Vidole vyangu vilikuwa bado vina gundi. "Baba," nilisema, "si ungenyamaza tu? Ulikuwa umeshashinda."

"Siku zote hawakuniamini, mwanangu, kwa hiyo sikuwa nimemdanganya mtu. Leo wameniamini."

Mimi na ulimi wangu wote nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa mkeka.

"Kwa nini hukusema tu kwamba ulikuwa muoshaji?" mwalimu aliuliza. "Mimi ningekusikiliza."

"Usingesikiliza," baba alimjibu, bila hasira.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Kisha akasogea karibu na baba, akaigusa ndege kwa kidole kimoja.

"Hili bawa la juu," akauliza, "mlikuwa mnalifikiaje?"