Kingi ya Mwanamke

Drafti nilifundishwa na ndugu yangu mkubwa, nyumbani kwetu Myanga, juu ya kipande cha mbao alichokichora miraba kwa makaa. Vifuniko vyake vya soda vililala kifudifudi, vyangu chali. Akaniambia kifuniko kikifika mwisho wa upande wa mwenzako kinakuwa kingi, unakibebesha kingine mgongoni. "Lakini kingi ya mwanaume hupaa," akasema, "inatoka kona hii inakula kona ile. Kingi ya mwanamke hutembea hatua moja moja."

Niliamini. Kwetu kuku ilikuwa ya wanaume, na firigisi ilikuwa ya baba peke yake. Nani angeuliza habari ya kingi?

Basi nikajifunza kulinda. Kwenda mbele kulikuwa na faida gani, na kingi yangu ni kiwete? Safu ya nyuma sikuigusa; nilijua kingi yake moja ikiingia itafagia. Nilibana, nikaziba, nikamchosha. Lakini mwisho alishinda, kila mara, kisha akawaambia wageni, "Dada yangu anajua kulinda. Kula ndiyo hajui." Majina ya wageni hao ninayo yote kichwani, na vile kila mmoja alivyocheka.

Nikaolewa Kitale. Kila nilipoenda nyumbani tulicheza. Yeye akaota mvi, mimi nikafiwa na mume, na kingi yangu bado inatembea. Kule sokoni wanakocheza wanaume sikuwahi kusimama. Mwanamke angesimama hapo akitafuta nini?

Mwaka jana mjukuu wangu, msichana wa gredi ya sita, aliniketisha hapa kwangu Kibomet, Kitale, tucheze.

"Kukhu, mbona husongi? Kingi yako si inaweza kukula ile ya kule?"

"Hiyo ni ya wanaume."

Alinitazama akingoja nicheke. "Ati ya wanaume? Nani alikuambia hivyo?"

Nilimwambia ni sheria. Akacheka, halafu akavipanga vifuniko upya.

Tulicheza mwezi mzima. Nilijifunza kuacha vitatu nyuma vilinde na kutuma vingine mbele, kutoa kimoja kiliwe ili nile viwili. Kisha nikaenda Myanga. Kushinda tu hakungenitosha. Nilitaka aseme kwa mdomo wake: nilikudanganya.

Alicheza kama kawaida yake, nyuma wazi kabisa, maana hakuwahi kuniogopa. Nikapata kingi. Nikaipaisha kutoka kona hadi kona, nikala vyake viwili.

"Hiyo ni nini umefanya?"

"Imepaa."

"Dada, lakini kingi yako..." Mke wake, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akasema, "Mzee, leo umeliwa, kubali tu."

"Nilimfundisha akiwa mtoto," akamjibu mkewe, si mimi.

"Nilikuwa mtoto," nikasema, "halafu nikazaa, halafu nikapata wajukuu. Siku ya kuniambia ilikosekana?"

Akakusanya vifuniko, vyake na vyangu, akavitia mfukoni. "Siwezi kucheza na mtu wa kugeuza sheria, bana."

Nimeenda mara tatu tangu hapo. Ananipa chai, ananiuliza habari ya mvua ya Kitale. Ubao siuoni. Watoto wake wakimuuliza mbona hatuchezi, anasema dada amezeeka, ameanza kusahau sheria.