Nilimlilia Kabula Mzima

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, chekeni upesi mmalize, maana aibu ni yangu na sigawi.

Kabula, mjukuu niliyemlea mwenyewe na sasa ni daktari wa mifupa, aliniagiza neno moja tu: "Bibi, Jumamosi njoo Geita, shuleni nilikosoma, usikose." Kuna nini, hakusema. Nikapanda basi Kharumwa, simu nikaizima nitunze chaji (ubahili huo ndio ulionimaliza).

Nafika getini, ukutani wamepanga mapicha makubwa ya watu, kila moja na maua chini yake, na ya kwanza ni ya yule injinia wa mgodini tuliyemzika juzijuzi, na kando yake nani? Kabula wangu, anatabasamu! Maandishi yalikuwepo, lakini mimi niliishia darasa la pili, na hata hivyo nani anahangaika na maandishi akishaona maua na marehemu? Nikapiga mwano, lile yowe letu Wasukuma ambalo aliyelisikia hakai, nikajitupa chini, kilemba huko, kiatu huko, mama lishe wakaacha masufuria wakaja kulia nami (hawamjui hata anayeliliwa), bodaboda wakaja, sungusungu nao wakafika na fimbo wakiuliza mwizi yuko wapi.

Ukumbini hotuba ikakatika. Akatoka mwanamke mwenye suti, akapiga magoti vumbini.

"Shikamoo bibi."

Kilio kikanikauka. Ni Kabula!

"Bibi, mbona unanizika na pilau sijala? Hizo ni picha zetu tuliosoma hapa tukafanikiwa! Nimekupigia tangu asubuhi!"

"Mpisheni marehemu, ana njaa!" akapayuka bodaboda mmoja, watu wakaangua kicheko, mimi natafuta kiatu.

Mara kicheko kikafa. Nyuma ya Kabula alisimama mama yake yule injinia, aliyealikwa kuja kuona mwanawe akiheshimiwa, na mwano wangu ulikuwa umemrudisha makaburini. Hakunigombeza. Aliokota kilemba changu, akakikung'uta, akanifunga kichwani.

"Wako yupo, mama," akasema. "Mshike."

Hapo ndipo nilipolia kweli.

Niliporudi nyumbani niliwakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Simu yangu isizimwe tena. Na katika nyumba hii mtu haliliwi kabla hajapigiwa simu. Asipopokea, piga tena."