Mikono Yangu Chini ya Kinanda cha Eunike

Nianze na waliokuwapo, maana wengi wamekwisha kututangulia: Mwalimu Zakaria, mpiga kinanda wa kanisa letu kule Kagera; Mchungaji Filemoni, mume wa shangazi yetu Adela; mama yetu, wa kwaya; mdogo wangu Eunike, tumbo moja; na mimi, chini ya kinanda.

Enzi zetu kinanda kilikuwa cha kukanyaga. Eunike alikuwa na miaka minane, miguu haifiki, basi mimi nilijikunja chini nikisukuma kanyagio kwa mikono ili kinanda kipate upepo wa kutoa sauti, vumbi puani, huku wanakwaya wakinukia senene, panzi wa kwetu, wa kukaanga. Mwalimu alitujaribu sote wawili. Vidole vyangu, alisema, ni vya jembe.

Alipenda kutusimulia habari za mzee mmoja wa Ulaya, wa zamani sana, mpiga kinanda wa kanisa aliyetunga wimbo mpya kila wiki na nyumba imejaa watoto. Nikamuuliza nani alikuwa akimvutia upepo.

"Alikuwapo mtu," akasema. "Jina lake silijui."

Eunike akacheka. Kicheko kile kilinichoma.

Jumapili ambayo Mwalimu angemtangaza mrithi wake, Eunike alipiga wimbo alioutunga mwenyewe. Ubeti wa pili, nikaondoa mikono. Kinanda kikakata roho. Mtoto hakuinama hata kunitazama. Aliendelea kwa mdomo. Mama, aliyeusikia wimbo ule jikoni kila siku, akaudakia, kwaya ikafuata, Mwalimu akatoa leso. Eunike akatangazwa mrithi papo hapo.

Mama hakunichapa. Alisema tu, "Umemsaidia kuliko ulivyokusudia, mwanangu."

Leo sote wawili tuko Stockholm. Eunike anapiga kwenye ibada ya Kiswahili pale Jakobsberg, kinanda cha umeme, anabonyeza kitufe basi. Vijana wanamrekodi kwa simu. Mjukuu wangu Neema, nikimsalimu Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini nyimbo za Eunike anazo zote kichwani. Sisi tulizipata kwa jasho. Mimi nakaa benchi la nyuma namvizia akosee. Jumapili iliyopita hakukosea hata mara moja. Nikarudi zangu nyumbani Hallonbergen bila kunywa kahawa ya kanisani. Utoto ule ulikuwa wa dhiki, lakini bila mimi asingetoa hata sauti moja.

Kama nimekosea jina la mtu, wenzangu mliokuwapo nisahihisheni. Ila msimuulize Eunike.