Kiondo Kilichojazwa Maharagwe

Kabla hujaendelea, nakuomba uvumilie mwandiko wangu. Shule niliiacha darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole, na nikijaribu kuharakisha herufi zinapandana. Najua kuna maneno nimeyakosea, ila sijui ni yapi. Mambo haya yametuchosha mimi na mama mwaka huu, na nimeona afadhali niyaweke kwenye karatasi.

Tunaishi Rhonda, mtaa wa pembeni mwa mji, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama anasuka vyondo, vile vikapu vya uzi vyenye mkanda. Kwa miaka mingi alimuuzia dalali mmoja anayekuja Jumamosi na pikipiki. Dalali huyo hukigeuza kiondo ndani nje akitafuta uzi uliolegea, ili apate sababu ya kushusha bei. Akija mimi nilikuwa nakaa nyuma ya pazia. Siwezi kubishana na watu. Hata dukani napenda kwenda wakati hakuna mtu.

Ndiyo maana mnada wa kwenye simu ulinipendeza. Unapiga picha, unaandika bei ya kuanzia, halafu watu wa mbali wanashindana kuipandisha, na hakuna anayekuona uso. Kulikuwa na mahali pamoja tu palipohitaji kuongea na mtu: pale pa kujaza gharama ya kusafirisha. Ilinibidi niende ofisi ya kutuma vifurushi mjini niulize. Nilienda mara mbili. Nilipanga laini, na kila nilipokaribia kioo cha karani nilitoka nje kama mtu aliyesahau kitu.

Mwishowe nilifanya tunavyofanya sisi wote huku. Ukimtumia shangazi mzigo Elburgon, karani wa pale stage ya matatu hapimi. Anauinua kwa mkono mmoja, anakuangalia, anasema mia moja hamsini. Basi nami nilikiinua kiondo kwa mkono mmoja. Kilikuwa chepesi. Nikachukua ile bei ya Elburgon nikaizidisha mara kumi, kwa sababu ng'ambo ni mbali, nikaandika elfu moja na mia tano. Nikaogopa hata nimezidisha sana. Sikujua kwamba mtu akishashinda mnada, bei hiyo huwezi kuigusa tena.

Mwanamke wa nchi ya baridi alishinda kwa pesa ambazo kwetu ni kama elfu mbili na mia nane. Mama aliuliza kama ana watoto. Nilimwambia simu haisemi.

Jumamosi dalali alipokuja, mama alimpokea mlangoni akiwa amesimama.

"Usisumbuke tena kuja huku," alimwambia. "Vyangu siku hizi vinapanda ndege."

Dalali alicheka, akasema sawa mathe, ndege ikikushusha utanipigia. Mimi nyuma ya pazia nilijua kwamba hakuna kilichokuwa kimepanda chochote. Pesa za mnunuzi zilikuwa zimezuiliwa mpaka apokee kiondo. Nilikuwa na siku kumi za kukituma, na muuzaji mpya akishindwa na mzigo wa kwanza anafungiwa asiuze tena. Tungefungiwa, mama angelazimika kumpigia yule mtu simu.

Nilituma ujumbe kwa namba ya ile ofisi. Walinijibu kwamba mzigo wa ng'ambo wanaupima kwa kilo na pia kwa ukubwa wa katoni, kisha unalipia ile hesabu iliyo kubwa. Kitu chepesi ndani ya katoni kubwa kinalipiwa kama kizito. Nilimsomea mama ujumbe huo mara mbili. Aliweka uzi chini.

"Kwa hivyo tutalipia hewa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hewa isiende bure."

Kesho yake niliporudi na maji nilikuta kiondo kimejaa maharagwe ya shangazi wa Elburgon, kama kilo nne. Mama alishakishona mdomo kwa sindano ya gunia na kukifunga ndani ya gunia safi. Mama aliwahi kuuza nafaka sokoni, na mpaka leo hawezi kumpimia mteja bila kuongeza konzi moja juu ya kipimo. Asipoongeza anaona ni kama ameiba. Mteja huyu wa ndege angeongezewa mpaka ashangae. Ningeweza kusema kitu, lakini niliona anaimba, na ukweli ni kwamba hata mimi niliona ana maana. Kama nafasi tunailipia, si iende na kitu?

Nilichukua elfu nne za mama za kununulia nyuzi nikaenda mjini. Safari hii sikutoka kwenye laini. Mzigo ulikuwa mzito mno kukimbia nao.

Karani aliuweka kwenye mizani, kisha akautikisa kidogo.

"Siste, humu ndani ni nini?"

"Kiondo."

"Kiondo kinalia hivi?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi niseme mara tatu kwamba ni maharagwe. Mzee mmoja nyuma yangu akasema hayo ni maharagwe ya githeri yanaenda majuu, mahindi yatafuata na ndege ya jioni. Laini nzima ikacheka. Karani hakucheka. Alisema mbegu haziruhusiwi kwenda bila cheti cha ukaguzi. Akasema pia kwamba hata yakitolewa maharagwe, kwa katoni ya kukitosha kiondo kile ni elfu tisa.

Nilisimama pale. Nilikuwa na elfu nne, na nilikuwa nimemwandikia mnunuzi elfu moja na mia tano. Nilitaka kuuchukua mzigo niende, na nadhani ningeenda. Lakini akilini nilimwona mama mlangoni akimwambia dalali habari ya ndege.

Mwanamke mmoja wa kwenye laini aliyekuwa na fomu mkononi alinisogelea.

"Kwani hicho kiondo ni cha mbao?" aliniuliza. "Kikunje."

Sijui kwa nini hatukuwa tumefikiria hivyo. Kwetu kiondo kinauzwa kikiwa kimesimama, kimejazwa karatasi ili kionekane vizuri, na mama hajawahi kumpa mtu kiondo kilicholala. Niliomba makasi. Nilikata mishono ya mama mmoja baada ya mwingine mbele ya watu wote, nikamimina maharagwe kwenye gunia, na mengine yakaruka sakafuni nikayaokota nimepiga magoti. Kisha nilikilaza kiondo, nikakikandamiza kwa mikono, nikakunja mkanda ndani. Kikaingia kwenye bahasha kubwa. Karani alipima tena, akasema elfu tatu na mia mbili. Nililipa.

Niliporudi nilitembea ili kuokoa nauli, gunia mgongoni. Njiani nilifikiria kuyauza yale maharagwe nimwambie mama yameenda. Nilipita kwenye duka la nafaka mara mbili. Lakini hata kudanganya kunataka mtu anayejua kuongea.

Mama aliona gunia kabla sijaingia.

"Wameyakataa."

"Wamekataa mbegu. Kiondo kimeenda."

Alilipapasa gunia. Kisha akasema kwa hivyo yule mwanamke atafungua bahasha na asikute konzi yake. Nilimwambia huko hawajui habari ya kuongezewa, kwa hivyo hataikosa. Hakuridhika. Aliuliza kama niliongea na karani mwenyewe.

"Niliongea naye."

"Na watu walikuwepo?"

"Laini nzima."

Hapo ndipo alipotabasamu kidogo, akaweka sufuria ya maharagwe juu ya jiko.

Kiondo kilifika baada ya wiki tano. Mnunuzi alitoa nyota zote tano bila kuandika neno. Mama anataka kujua kama nyota ni mtu amefurahi au ni mtu amemaliza tu. Ukitoa gharama ya kutuma, ada ya mnada na bahasha, tulipita bei ya dalali kwa pesa ya mkate tu. Juzi Jumamosi pikipiki ilisimama nje bila kuitwa. Mama alimwachia dalali vyondo viwili avigeuze ndani nje kama zamani, akamuuzia kimoja. Cha pili alikirudisha ndani, akakilaza sakafuni, akakikunja, akakikunjua, akaniambia nipige picha.

Nimeipiga. Mahali pa gharama bado hapajajazwa, nimechoka na sijui niandike ngapi. Kama wewe umewahi kuuza kitu ng'ambo, niandikie, hata mistari miwili, uniambie hesabu hiyo unaifanyaje kabla mnada haujaanza. Mwandiko wowote nitausoma. Na mama ameniambia nisisahau kukuuliza hili: ni kitu gani cha kumwongezea mteja ambacho hakina uzito na hakikatazwi? Atakuwa ananiuliza kila siku kama umejibu.