Mke wa Pili wa Mwinyi wa Kiingereza

Miaka miwili ya mkataba ilikuwa imekwisha, na madam niliyemfanyia kazi za ndani hapa Saudia bado ananizungusha. Ili nirudi Kenya likizo nilihitaji khuruji, ruhusa ya kutoka nchini, ambayo siku hizi kafili, yaani mwajiri mdhamini, huibonyeza tu kwenye simu. Kidole chake kilikuwa chepesi kuagiza viatu. Kwa hili kikawa kizito.

"Baada ya Jeddah," akasema. Kwa mamake Jeddah nilishapelekwa kupika mara mbili, na mara zote mbili baada ya Jeddah ikaja Jeddah nyingine.

Ndipo bintiye, anayesoma shule ya Kiingereza hapa Riyadh, akapewa kazi: aeleze maisha na ukoo wa mwinyi mmoja wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa. Kitabu kinene kama tofali. Nikaitwa mimi, maana Kiingereza changu ni cha fomfoo, cha binti ni cha kuagiza piza.

Nilimchukia yule mzee tangu ukurasa wa kwanza. Farasi wake walikuwa na madirisha. Chumba changu hakina. Watumishi thelathini na wawili, nimehesabu mara mbili. Kila bawabu mpya aliitwa kwa jina la aliyemtangulia, bibi mwenye nyumba asije akachoka kukariri.

"Kama wewe!" binti akacheka. Humu ndani mimi naitwa kwa jina la Mganda aliyeondoka.

Watoto wa yule mzee nilihesabu kumi na mmoja. Niliporudia, kumi na wanne. Watatu walikuwa wa mke wa pili, yaya wa nyumba hiyohiyo, ambaye wale wakubwa walikataa kula naye meza moja. Kila mtoto nikamwandikia kadi yake. Hizo tatu nikaziweka mfukoni.

Asubuhi ya kuwasilisha, binti akahesabu. "Mwalimu alisema kumi na wanne! Watatu wako wapi?"

Madam akanigeukia. "Kadi wapi?"

"Zipo, madam. Khuruji ipo?"

"Unanitisha ndani ya nyumba yangu?"

"Mafi, hakuna kutisha. Biashara tu. Na basi la shule liko nje."

Akanitukana kwa Kiarabu, nilielewa yote. Kidole kikashuka, simu yangu ikalia. Nikasoma nambari ya ikama, kibali changu cha kuishi, nikaisoma tena. Likizo ya siku thelathini. Kwenye mkataba tulikuwa tumekubaliana sitini.

Nikampa binti kadi moja na nusu.

"Ya Rabi, umeichana!" akalia.

"Nusu nyingine ninayo," nikamwambia mamake. "Na mtoto mzima."

Basi likapiga honi. Madam akafuta ile thelathini, akabonyeza upya, bila kuniangalia.